Swichi ya Indiketa, na Lugha ya Taa Katika Barabara ya Mikumi

Mtu akisimama kando ya barabara kuu pale Mikumi, asubuhi hata jioni, ataona malori yatokayo Dar es Salaam na Morogoro yakipita kwa mfululizo kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na mengine yakirudi pwani. Hapo Mikumi njia hugawanyika. Atokaye Morogoro akitaka kwenda Kilosa hukata kulia. Akitaka kwenda Ruaha, Kidatu na Ifakara hukata kushoto. Na yule aendaye Iringa hushika njia moja kwa moja. Basi kila dereva afikapo hapo yampasa kuwaambia wenzake anakokwenda, na kwa kuwa hawezi kupaza sauti wakamsikia, husema nao kwa taa ndogo ya manjano iwakayo na kuzimika, ambayo sisi sote tumezoea kuiita indiketa.

Lakini taa hiyo hiyo, kilomita chache mbele, husema lugha nyingine. Lori lililo mbele likiwasha taa ya kulia, ijapokuwa hapana njia yo yote ya kugeukia, dereva aliye nyuma huelewa ya kuwa anaambiwa, “Usinipite, mbele kuna gari linakuja.” Likiwasha ya kushoto, huelewa ya kuwa anaambiwa, “Haya, pita.” Lugha hii haikutoka kwa Serikali. Madereva wenyewe waliitunga kwa ajili ya kusaidiana katika safari ndefu, nayo yajulikana hata katika barabara za Kenya. Hatusemi ya kuwa ilitungwa kwa nia mbaya. Ila twataka kueleza jinsi swichi ile inavyofanya kazi, maana tumeona ya kuwa wengi waitumiao, na wengi zaidi waitazamao, hawajui jambo moja lililo ndani yake, na jambo hilo laweza kumfanya dereva aseme “pita” pasipo kujua ya kuwa amesema.

Swichi yenyewe ni kijiti kifupi, urefu wake kama kalamu ya wino, kilichochomoza ubavuni mwa nguzo ya usukani, mahali ambapo dereva aweza kukigusa kwa vidole pasipo kuuacha usukani. Mwendo wake hufuata mzunguko wa usukani. Kijiti kikiwa upande wa kulia, dereva akitaka kwenda kulia hukishusha, na akitaka kwenda kushoto hukiinua. Maana usukani ukizungushwa kwenda kulia, upande wake wa kulia ndio ushukao. Kijiti kikiwa upande wa kushoto, mambo hugeuka: kwa kulia hukiinua, na kwa kushoto hukishusha. Ajuaye kanuni hii hana haja ya kukariri, kwa sababu vidole husukuma kijiti kule kule ambako mkono utauzungusha usukani.

Hapa huenda msomaji akauliza, kwa nini vijiti vingine viwe kulia na vingine kushoto? Sababu ni desturi za watengenezaji. Wajapani, ambao kama sisi hupita upande wa kushoto wa barabara, huweka kijiti cha indiketa upande wa kulia na cha waipa upande wa kushoto. Watu wa Ulaya hufanya kinyume chake, hata katika magari wanayoyatengeneza kwa ajili ya nchi zipitazo kushoto. Motokaa ndogo nyingi za hapa kwetu zatoka Japani, na malori mengi makubwa ya safari yana desturi ya Ulaya. Basi mtu aliyejifunza kwa motokaa ndogo, akikabidhiwa lori, siku za kwanza utamwona akitaka kukata kushoto kwenda Kidatu, na waipa zinakwangua kioo kikavu jua likiwaka. Watu hucheka, na yeye hucheka pamoja nao. Lakini katika dakika hiyo ya kucheka hakuna taa iliyowaka, na wale walio nyuma hawakuambiwa neno.

Zamani hapakuwa na kijiti wala taa. Dereva alitoa mkono dirishani: akiunyosha, maana yake anakwenda kulia, akiuzungusha, anakwenda kushoto, akiupandisha na kuushusha polepole, anapunguza mwendo. Usiku mkono hauonekani, na mvua ikinyesha dereva hapendi kufungua dirisha. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 magari mengi ya Uingereza na Ujerumani yalitiwa vimikono vya bati, vilivyolala ubavuni mwa motokaa karibu na mlango. Dereva akigeuza swichi, sumaku ya umeme ilikiinua kimkono kikatokeza nje, na taa ndogo ndani yake ikawaka. Vilikuwa vizuri kutazama, lakini vilikwama kwa vumbi na kuvunjwa na wapita njia, wala kimkono kilichokwama hakikumwambia dereva ya kuwa kimekwama. Motokaa za Marekani zilizoitwa Buick zilianza mwaka 1939 kuuzwa zikiwa na taa za kupepesa upande wa nyuma. Mwaka 1940 zikawekwa na mbele, pamoja na swichi ijizimayo yenyewe baada ya kukata kona. Huko kujizima ndiko tutakakokurudia, maana ndimo shauri lote lilimo.

Kwanza tueleze kupepesa. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, kisha huingia katika kikopo kidogo ambacho mafundi hukiita flasha, ndipo ufike kwenye swichi. Kijiti kikiwa katikati, njia zote mbili zimefungwa. Kikisukumwa upande mmoja, vipande viwili vya shaba ndani ya swichi hugusana, na umeme huenda kwenye taa za upande ule, ya mbele na ya nyuma, na mara nyingi ndogo ya ubavuni. Umeme wa motokaa ndogo ni volti 12, na wa malori makubwa ni volti 24. Globu za mbele na nyuma huwa za wati 21 kila moja, na ile ya ubavuni huwa ya wati 5.

Ndani ya flasha ya kizamani mna utepe mwembamba uliofanywa kwa madini mawili yaliyogandamizwa pamoja. Madini hutanuka yakipata moto, lakini si kwa kipimo kimoja. Kila alalaye katika nyumba ya bati amelisikia bati likilia adhuhuri kwa sababu ya kutanuka, na kulia tena usiku lipoapo. Basi umeme ukipita, utepe hupata moto, na kwa kuwa upande mmoja hutanuka kuliko wa pili, hupinda. Ukipinda huachana na ncha iliyokuwa ikigusana nayo, umeme hukatika, na taa huzimika. Hapo utepe hupoa, hunyoka, hugusa tena, na taa huwaka. Mlio wa tik-tak tuusikiao ni utepe huo ukienda na kurudi. Flasha za siku hizi hutumia vyombo vya elektroniki kuhesabu muda, na katika motokaa mpya sana mlio ule watoka katika kipaza sauti kidogo, umewekwa kwa sababu watu waliuzoea. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya taa za magari zataka indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, isipungue 60 wala isizidi 120.

Flasha hutoa habari nyingine pia, kwa mtu aijuaye. Globu moja ikiungua, umeme upitao hupungua. Katika flasha ya utepe, moto hupungua vile vile, kwa hiyo taa iliyobaki hupepesa polepole au huwaka bila kuzimika. Flasha za elektroniki zimetengenezwa zifanye kinyume: globu ikifa, hupepesa haraka haraka kama mtu mwenye hofu, ili dereva azinduke. Twamwomba kila dereva asikiaye mlio umebadilika asipige kofi kikopo kile, kama tuonavyo wengine wakifanya, bali ashuke akatazame taa. Aliyetoa globu za zamani akatia za LED, naye atausikia mlio wa haraka pasipo ubovu wo wote, kwa sababu LED hula umeme kidogo sana na flasha hudhani globu imekufa. Huyo na abadilishe flasha.

Sasa turudi kwenye kujizima. Dereva akikata kona hasa, kwa mfano kuingia njia ya Kilosa, huuzungusha usukani sana, kisha huurudisha. Chini ya usukani, kwenye nguzo yake, pana pete yenye jino. Ndani ya swichi pana kidole kidogo chenye springi, ambacho kijiti kikisukumwa upande mmoja hutokeza na kuikaribia pete. Usukani uzungukapo kwenda kule aendako dereva, jino hupita juu ya kidole, nacho huinama na kulipisha. Usukani ukirudi, jino lile lile hukikuta kidole kwa upande wa pili, ambako hakiwezi kuinama. Hukisukuma, na kijiti huruka kikarudi katikati. Ni kama mgono wa samaki: njia ya kuingilia i wazi, lakini miiba imeelekea ndani, na arudiye huikuta. Kwa ufundi huu dereva hana haja ya kukumbuka kuzima.

Lakini jino lile lazima lisafiri. Usukani usipozunguka kiasi cha kutosha, jino halikifikii kidole, na kijiti hubaki pale pale kilipowekwa. Na ni lini dereva huwasha indiketa pasipo kuuzungusha usukani? Ni wakati wa kulipita gari jingine katika njia iliyonyoka. Lori likienda kwa kasi, dereva huusogeza usukani kidogo tu, upana wa vidole viwili vitatu, likahama kutoka kushoto kwenda kulia. Huwasha taa ya kulia atokapo. Akiisha kupita, huwasha ya kushoto ili arudi upande wake, husogeza tena usukani kidogo, na safari huendelea. Jino halikusafiri. Taa ya kushoto yaendelea kupepesa.

Katika motokaa nyingi mpya kijiti kikiguswa kidogo tu, taa hupepesa mara tatu ikazimika, nao ni msaada mkubwa. Lakini magari mengi yapitayo Mikumi si mapya. Ngurumo ya injini ya lori huufunika ule mlio wa tik-tak, na aendaye Iringa wakati wa alasiri ana jua usoni, hata mshale mdogo wa kijani mbele yake hauoni vema.

Hapo ndipo zile lugha mbili zinapokutana. Lori lasafiri na taa ya kushoto inawaka. Dereva wake hana habari. Na kila ajaye nyuma yake, aliyefundishwa lugha ya barabarani, aona ameambiwa apite.

Jambo hili tumelishuhudia wenyewe. Tulikuwa tumepanda motokaa ndogo, watu wanne, tumeiacha Mikumi nyuma tukielekea Mbuyuni, mahali ambapo milima huanza kuibana barabara na kona huwa nyingi. Mbele yetu palikuwa na lori lenye trela, limebeba shehena iliyofunikwa turubai, na taa yake ya kushoto ilikuwa ikipepesa. Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma, ambaye alikuwa na haraka ya kufika msibani, alisema, “Kaka, si amekuruhusu? Pita basi.” Dereva wetu, mtu wa makamo, aliyezoea njia ile tangu alipokuwa utingo, hakujibu. Tulikwenda nyuma ya lori lile kama kilomita mbili, na taa ilipepesa wakati wote, penye kona na pasipo kona. Yule mwenzetu akasema tena, na safari hii kwa ukali. Tulipokuwa tukikaribia kona ya kulia, basi la abiria lilitokea mbele kwa mwendo mkubwa, likatupita likaenda. Hakuna aliyesema tena neno.

Lori lile lilisimama penye vibanda vya vitunguu, nasi tukasimama. Dereva wetu alimwendea mwenzake, wakasalimiana kwa adabu, kisha akamwuliza, “Ndugu yangu, ulikuwa unaturuhusu kupita?” Yule bwana alishangaa. Hakumruhusu mtu, wala hakujua ya kuwa tulikuwa nyuma yake, maana motokaa ndogo ikilikaribia trela haionekani katika vioo. Alifikiri kidogo, ndipo akakumbuka ya kuwa muda uliopita alilipita trekta. Alipanda kwenye ngazi ya lori, akatia mkono dirishani, akakirudisha kijiti katikati. Ulikuwa mwendo wa kidole kimoja.

Hatumlaumu. Alikuwa mtu wa kazi, na chombo chake kilifanya kama kilivyotengenezwa. Twasema tu ya kuwa taa ile haikuwa neno la mtu ye yote.

Basi yafaa tuzipime zile taa mbili, kwa sababu hazilingani. Taa ya kulia ya gari lililo mbele yaweza kuwa na maana mbili: “Nakata kulia,” au, “Usinipite.” Lakini zote mbili zamtaka aliye nyuma afanye jambo moja tu, yaani asipite. Hata kama imesahauliwa, anayeiheshimu hupoteza dakika chache, hapotezi zaidi. Kwa sababu hii lugha ya madereva juu ya taa ya kulia haina madhara makubwa, na asiyejua ni maana ipi kati ya hizo mbili bado yu salama. Atokaye Morogoro akiona lori laonyesha kulia pale Mikumi, akadhani ni la onyo tu, na kumbe laingia njia ya Kilosa, akikaa nyuma hatadhurika.

Taa ya kushoto siyo hivyo. Yaweza kuwa, “Nakata kushoto,” au, “Nasimama kando,” au, “Pita,” au isiwe neno lo lote bali kijiti kilichosahauliwa. Katika hizo nne, moja tu ndiyo ruhusa. Na hata hiyo moja tuichunguze. Dereva wa lori yuko juu, aona mbali kuliko sisi. Hilo ni kweli, nasi twashukuru kwa wema wake. Lakini yeye hajui motokaa yetu ina nguvu kiasi gani, wala tutaanza kupita sekunde hii au ile. Aliiona njia i wazi alipowasha taa. Sisi tutaihitaji iwe wazi tutakapomaliza.

Na tuhesabu. Tuseme lori lenye urefu wa mita 20 laenda kilomita 50 kwa saa, na motokaa yetu kilomita 80. Twalizidi kwa kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 na kidogo kwa sekunde. Tukianza kupita tukiwa mita 20 nyuma yake, na tukirudi upande wetu tukiwa mita 20 mbele yake, pamoja na urefu wa lori na wa motokaa yetu, hizo ni kama mita 65 za kulizidi lori. Zitachukua karibu sekunde 8. Katika sekunde 8 motokaa yetu itakwenda kama mita 178 juu ya barabara. Na basi lijalo mbele kwa mwendo huo huo wa 80, nalo litakuwa limekuja mita 178. Jumla ni zaidi ya mita 350, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu, navyo havina akiba hata kidogo. Wasafiri waijuao njia ifuatayo bonde la Ruaha, na ile ya kupanda Kitonga mbele yake, na waseme wenyewe ni mahali pangapi mtu aona viwanja vitatu mbele yake.

Kwa sheria, apitaye ndiye mwenye kuhakikisha ya kuwa njia i wazi. Taa ya mwenzake haimwondolei jukumu hilo, wala mwenzake hawezi kulibeba kwa niaba yake.

Sasa kuna maovu mengine yasiyo ya swichi bali ya nyaya, nayo hupata matrela zaidi. Umeme wa taa za trela hupita katika waya nene yenye plagi, iliyochomekwa kati ya lori na trela. Vumbi likiingia katika plagi, au kutu, pini moja yaweza kukosa umeme, na taa moja ikafa wakati nyingine zote nzima. Dereva aonyesha kushoto mbele, na nyuma hakuna kitu. Waya ya athi ikilegea ni vibaya zaidi, maana umeme wa indiketa, ukikosa njia yake ya kurudi, hutafuta njia kwa kupitia globu nyingine. Ndipo utaona taa ya breki na taa ya kugeuka zikififia kwa zamu, hata mtu asijue lori lasimama, au lageuka, au lapepesa tu. Utingo hodari huyagundua haya kwa dakika mbili. Husimama nyuma kabla ya safari, dereva huwasha kushoto, kisha kulia, kisha hukanyaga breki, na utingo hujibu kwa sauti kila mara. Akiwa na kitambaa hupangusa na matope, kwa kuwa taa iliyofunikwa na tope jekundu la Kilosa wakati wa masika haitofautiani na globu iliyoungua.

Juu ya ile swichi yenye alama ya pembetatu nyekundu, iwashayo taa zote nne pamoja, tutasema machache. Kazi yake ni kuonya ya kuwa gari limesimama au limeharibika mahali pa hatari. Baadhi ya madereva huiwasha wakiwa safarini, mvua ikinyesha, au wakifika njia panda, kuonyesha ya kuwa wanakwenda moja kwa moja. Wanasahau mambo mawili. Katika magari mengi taa zote nne zikiwaka, kijiti cha indiketa huwa bubu. Dereva hata akikisukuma, aliye nyuma haoni tofauti. Tena, aliye pembeni huona upande mmoja tu wa gari. Kwake taa hiyo moja ipepesayo ni indiketa, naye atadhani gari lakata kuja kwake.

Neno letu la mwisho ni kwa vijana wa bodaboda, ambao ni wengi Mikumi na Ruaha, nao hubeba mama zetu na watoto wa shule. Swichi ya pikipiki ni kitufe kidogo upande wa kushoto wa usukani, kinachosukumwa kwa dole gumba. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Lakini katika pikipiki nyingi ndani yake hamna pete, wala jino, wala kidole. Usukani wa pikipiki hauzunguki kiasi cha kuweza kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo taa ikiisha kuwashwa haijizimi kamwe, hata ukikata kona kali namna gani. Huzimwa kwa kukibonyeza kitufe ndani kikiwa katikati. Tumewaona vijana waliotoka mjini wakaingia njia ya Kidatu, wakaenda kilomita nyingi kati ya mashamba ya miwa na taa ya kulia inapepesa, abiria nyuma yao na mzigo juu ya mapaja. Lori la miwa lijalo nyuma hungoja, hungoja tena, na mwishowe dereva wake huchoka kungoja, akaamua ya kuwa taa ile ni ya kusahau. Huenda siku hiyo ni ya kusahau. Huenda ni siku ambayo kijana anakata kulia kweli, kuingia njia ya kijijini kwao.

Na watembeao kwa miguu nao wasiiamini taa kabla ya kuyatazama magurudumu. Lori linaloonyesha kushoto, ikiwa magurudumu yake ya mbele yamenyoka na mwendo haukupungua, halijakata bado. Mtoto afundishwe kungoja mpaka aone magurudumu yamepinda, au lori limesimama, ndipo avuke.